Bibi wa Ukutani

Karakanani, 3 Machi

Mwanangu Vidonge,

Marahaba mapema, maana najua utaniamkia tu ukishafungua hili bomba. Humo ndani mna mishale kumi na miwili, na barua hii nimeizungusha katikati yake ili isigongane njiani. Usinipigie simu kuhusu hesabu. Kwenye simu nambari zinaingia sikio hili zinatokea lile, na safari hii nataka nambari zilizotulia kwenye karatasi, zenye sahihi yako na muhuri wa duka lako la dawa.

Sababu ni Katibu mpya wa klabu yetu ya upinde. Ni mtu wa mafaili. Alikuja hapa na kanuni zake ndani ya plastiki: kuanzia mwezi wa tano hakuna mshale utakaoingia uwanjani bila karatasi inayoonyesha uzito wake, umepishana kiasi gani na wenzake, na mahali unapolala sawa ukiuweka juu ya kidole. Nikamwuliza, "Wewe umewahi kuchonga hata kijiti cha meno?" Akanijibu kwa adabu, "Hapana mama. Lakini nilikuwepo siku Kinyozi alipoumia." 

Wewe hukuwepo, kwa hiyo nikueleze. Mwaka jana upinde wa Kinyozi ulipasuka mikononi mwake wakati anaachia mshale. Kipande kilimchana kutoka kidevuni hadi karibu na sikio. Mishale ilikuwa yangu. Watu wote walisema ni ubaya wa mti wa upinde, nami nikakubaliana nao haraka haraka. Lakini hata babu yako alikuwa akisema hivyo anavyosema Katibu: mshale ukiwa mwepesi mno haubebi nguvu zote za upinde, na zile zinazobaki zinarudi kuupasua upinde wenyewe. Kwa upinde unaovutwa kwa nguvu ya kilo ishirini kama ule wa Kinyozi, kanuni inataka mshale usipungue gramu ishirini na tano.

Sasa mimi gramu sizijui. Nilichonacho ni Bibi. Unamkumbuka, ule mshale wa babu yako unaoning'inia juu ya meza yangu, ambao wewe ulichapwa siku ulipoufanya kalamu ya kuchorea mchanga. Babu yako alimchonga akamrekebisha mpaka roho yake ikaridhika, akasema basi, wengine wote wawe kama huyu. Nina ufito uliofungwa uzi katikati. Upande mmoja namtundika Bibi, upande wa pili mshale mpya, halafu nakwangua kidogo kidogo mpaka ufito ulale sawa kama meza. Miaka arobaini nafanya hivyo, na hakuna anayejua Bibi ana gramu ngapi.

Kila mshale nimeutia alama ya penseli pale unapolala sawa juu ya mgongo wa kisu. Pima na hapo pia. Usinionee huruma. Nataka kujua kama ni mimi niliyemchana Kinyozi.

Shangazi yako

*

Duka la dawa, 14 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mizani yetu ndogo ilikuwa inakaguliwa, kwa hiyo mishale yako ilinisubiri siku tisa. Lakini haikusubiri kinyonge. Niliiweka chumba cha ndani pamoja na dawa za bei, mahali pasipo na vumbi wala unyevunyevu, ambapo hata mimi siingii bila kunawa mikono.

Mizani hii inasikia hata pumzi. Ukiongea karibu nayo nambari zinaanza kucheza, kwa hiyo nimepima kimya kimya, mara tatu kila mshale. Mwepesi kuliko yote una gramu 24.58. Mzito kuliko yote una gramu 24.66. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Shangazi, kidonge kimoja cha kichwa kina uzito mara saba ya tofauti iliyopo kati ya mishale yako yote. Viwanda vya dawa, na mashine zao zote, vinaruhusiwa kupishana zaidi kuliko wewe. Bosi wangu alisoma karatasi akauliza hiyo ni mashine gani. Nikamwambia ni shangazi yangu na kipande cha uzi.

Kuhusu kulala sawa: mshale una sentimita 76 kutoka kwenye mkato wa kamba hadi shingo ya kichwa, kwa hiyo katikati yake ni 38. Wako unalala kwenye 46 na kidogo, yaani umeegemea mbele sentimita nane na kidogo. Ukigawanya kwa 76 unapata karibu asilimia kumi na moja. Katibu anataka kati ya kumi na kumi na tano. Hapo umepita.

Limebaki la uzito. Umesema nisikuonee huruma, na muhuri wa dawa haupigwi juu ya uongo. Haijafika ishirini na tano, Shangazi. Yote kumi na miwili imepungua, na imepungua sawasawa. Barua hii nilimaliza kuiandika juzi, ikanishinda kuitia kwenye bahasha.

 Pengine kanuni ya Katibu ni kali mno.

Wako,
Vidonge

*

Karakanani, 19 Machi

Mwanangu,

Nimepata. Ahsante kwa kutonidanganya.

Kanuni si kali, ni ileile ya babu yako, tofauti ni kwamba yeye aliisema bila kuiandika. Kama yote imepungua sawasawa, basi kosa si la mkono wangu, ni la yule niliyekuwa namfuata. Bibi ndiye mwepesi. Kila mshale niliouchonga tangu nikiwa msichana ni mwepesi kama yeye, na nimeuza, nimesifiwa, nimewacheka wenzangu wanaopima kwa macho.

Bibi nimemteremsha ukutani. Karakana nimeifunga. Kesho kutwa naenda kwa Kinyozi kumwambia uso kwa uso kuwa lile kovu ni langu.

Hiyo mishale usiirudishe. Ichome tu.

Shangazi yako

*

Duka la dawa, 23 Machi

Shikamoo Shangazi,

Naandika nimesimama, basi la mizigo linaondoka saa tano. Nakuomba usifanye lolote. Kama hujaenda kwa Kinyozi, usiende. Bibi mrudishe mahali pake.

Uliponiambia niichome, sikuweza. Niliitoa chumba cha ndani nikaipanga kaunta ya mbele niitazame tu, nikaiacha hapo. Jana nikaupima mmoja bila sababu, kama mtu anavyogusa jino linalouma. 24.8. Nikaona mizani imeharibika. Nikaweka jiwe la shaba la gramu ishirini: gramu ishirini kamili. Nikapima mishale mingine: 24.8, yote. Asubuhi hii: 25.0, yote kumi na miwili.

Nadhani najua kinachotokea, lakini safari hii sisemi mpaka nimalize kuhesabu. Nitumie Bibi kwa basi linalorudi. Nataka kumpima pamoja nao. Mfunge vizuri.

Wako,
Vidonge

*

Karakanani, 24 Machi

Mwanangu Vidonge,

Sijapata barua yako tangu ile ya kwanza, na sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu siwezi kukaa na hili peke yangu.

Nilikwenda kwa Kinyozi. Nilimkuta ana mteja kichwa kizima kimejaa povu, nikakaa kwenye benchi kama watu wengine. Alipomaliza akanifunga shuka shingoni kwa mzaha, akaniuliza nataka mtindo gani. Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba radhi. Mishale yangu ilikuwa miepesi. Nimepimiwa kwa mizani ya dawa." Nikaliangalia lile kovu kwenye kioo, maana kumtazama yeye niliona aibu.

Akazima mashine. Nikadhani atanifukuza. Halafu akasema, "Shangazi, unaona lile kabati la umeme?" Ni kabati dogo wanamopashia mataulo ya uso, linawaka tangu anapofungua mpaka anapofunga. "Upinde wangu na mishale yako nilivitundika juu ya hilo kabati. Mwaka mzima. Nilipenda wateja wavione. Ulipopasuka nikajua ni joto, mti ulikuwa umekauka kama biskuti. Lakini watu walishaanza kusema ni mti mbaya, nikaona aibu kusema ni mimi." Akasema tangu siku ile hajagusa upinde, na kila akiniona barabarani anabadili njia. Mimi nilidhani anabadili njia kwa hasira.

Sikumwamini. Nilimwambia asinidanganye kwa kunionea huruma, mimi si mtoto. Nimeziona nambari. Akanijibu kuwa hajui nambari, anajua kabati. Tuliachana hivyo, kila mmoja anang'ang'ania kosa liwe lake, na mteja aliyefuata akituangalia kama tumerukwa na akili.

Hata shuka la kinyozi nilisahau kulivua. Nilifika nalo nyumbani.

Shangazi yako

*

Duka la dawa, 31 Machi

Shikamoo Shangazi,

Kinyozi hakukudanganya. Mtu aliyekudanganya ni mimi, mara mbili, na mara zote mbili kwa mapenzi.

Mara ya kwanza ni chumba cha ndani. Mle mna mashine inayovuta maji kwenye hewa usiku na mchana, kwa sababu kuna vidonge vikikutana na unyevu vinaharibika. Mimi nikaiweka humo mishale yako siku tisa, nikijisifu kuwa nimeipa mahali pa heshima. Nilikuwa naikausha. Kabati la Kinyozi na chumba changu ni kitu kimoja, tofauti ni kwamba changu hakikumchana mtu uso.

Mara ya pili ni alama zako za penseli. Nilipopima, mishale yote ililala sawa milimita tatu na theluthi mbele ya alama yako. Sikukuandikia hilo. Nilijiambia macho ya Shangazi yameanza kuchoka, ya nini kumuumiza, nikaandika "46 na kidogo" nikapita. Nisamehe. Ile "na kidogo" ndiyo iliyokuwa na habari yote, na mimi niliificha.

Sasa nisikilize, na ukisoma usiruke hesabu. Kichwa cha mshale ni chuma, hakinywi maji wala hakikauki. Kinachokauka ni ufito wa mshale, yaani mwili wake wa mti. Ufito ukipoteza maji, mbele panabaki pazito palepale na mwili unapungua, kwa hiyo mahali pa kulala sawa panasogea kuelekea kichwani. Nikajiuliza: yatoke maji kiasi gani ndipo pasogee hivyo? Nikachukua gramu 24.6, nikazidisha kwa milimita tatu na theluthi, nikagawanya kwa zile sentimita nane zilizo kati ya alama yako na katikati ya mshale. Ikatoka gramu moja. Moja kavu, haina mkia wa maana.

Yaani siku unautia alama mshale, ulikuwa na gramu 25.6. Hiyo hesabu niliifanya tarehe 23 baada ya kukutumia barua, mishale ikiwa bado kwenye 25.0. Nikaandika 25.6 kwenye kikaratasi, nikakikunja, nikampa bosi akiweke mfukoni. Halafu nikasubiri.

Tarehe 24, 25.2. Tarehe 25, 25.3. Kisha 25.4, kisha 25.5. Jana 25.6. Leo 25.6, na mishale imelala sawa juu ya alama zako za penseli, kila mmoja juu ya alama yake, unywele haupiti. Bosi akatoa kikaratasi mfukoni, akakisoma, akakaa chini. Penseli yako ilikuwa imesema mizani itafika wapi siku saba kabla haijafika.

Lakini si hilo lililonimaliza nguvu. Kilichonimaliza ni kwamba wote walipanda pamoja. Kila asubuhi niliwapima, na hakuna hata asubuhi moja ambapo mmoja alitangulia au mmoja alibaki nyuma. Mti umekatwa, umeanikwa, umepasuliwa, umechongwa na kupigwa msasa, na bado unavuta hewa, na hii kumi na miwili inavuta hewa kama kifua kimoja. Nilitoka nje nikasimama kwenye mlango wa duka kama mtu aliyepewa habari kubwa asiyejua ampe nani. Nimefanya kazi na mizani miaka sita. Sijawahi kuogopa kitu nilichopima, ila hiki. Ni woga mzuri, sijui kama unanielewa.

Ndipo nilipomwelewa Bibi. Mizani yangu inalinganisha mti na shaba, na shaba haivuti hewa. Hewa ikibadilika, mizani yangu inasema mshale umebadilika. Wewe unalinganisha mti na mti ndani ya chumba kimoja. Mvua ikinyesha, Bibi anaongezeka na watoto wake wanaongezeka. Jua likikaa, wanapungua pamoja. Kwa hiyo ule ufito wako wa kupimia haudanganyiki, msimu wowote. Babu alijua alichokuwa anafanya, au mkono wake ulijua.

Bibi si mwepesi, Shangazi. Hukumchana mtu.

Nimekuomba unitumie Bibi na hujanijibu. Nataka kumwona kwa macho yangu akisimama na wanawe. Basi lipo kila siku.

Wako,
Vidonge

*

Karakanani, 4 Aprili

Mwanangu,

Barua zako zote mbili zilinifikia siku moja, basi lilikuwa limeharibika njiani. Nimezisoma mara nyingi. Hesabu sikuiruka. Niliifanya na mimi kwa kalamu, nikapata gramu moja.

Bibi hayupo.

Nilikuandikia kuwa nimemteremsha ukutani, na ni kweli nilimteremsha. Sikukuandikia nilichofanya baadaye. Nilimvunja kwenye goti langu tarehe 19 asubuhi, kabla sijapeleka barua posta, nikatia vipande jikoni nikachemshia maji ya chai. Chai yenyewe sikuinywa. Nilifanya hivyo kwa sababu nilihofia nikiamka kesho yake nitamhurumia na kumrudisha, kisha nitachonga mishale mingine miepesi na mtu mwingine achanike. Niliona ndiyo haki.

Uliponiandikia nimrudishe mahali pake, alikuwa majivu tayari siku nne. Unaona sasa kwa nini sina wa kukufungia vizuri.

Namwonea fahari babu yako kwa hayo uliyoyaona, na nina huzuni ambayo sikuwa nayo hata siku tuliyomzika. Siku ile alibaki Bibi ukutani, nikawa nafanya naye kazi kila siku. Ukutani sasa pana mstari mweupe pale alipokuwa, rangi haikushika vumbi. Nimekaa chini ya mstari huo wiki mbili. Meza ipo, visu vipo, ufito upo na uzi wake, lakini nitundike nini upande wa pili?

Wewe unaniambia 25.6. Nakushukuru. Lakini nambari haivuti hewa, umesema mwenyewe. Nikichonga mwezi wa mvua kufuata nambari yako nitakosea, na nikichonga mwezi wa jua nitakosea upande mwingine. Basi ndiyo hivyo. Nimevunja kitu ambacho hakipimwi tena.

Shangazi yako

*

Duka la dawa, 8 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nimelia, kisha nikaangalia kaunta, kisha nikacheka mpaka bosi akaniuliza kama niko sawa.

Shangazi, uliniambia niichome mishale. Kama ningekutii, kweli Bibi asingekuwepo tena. Lakini kila mmoja wa hawa kumi na wawili ulimtundika naye kwenye uzi ule, ukakwangua mpaka ufito ukalala. Kila mmoja wao amempima Bibi, na Bibi amempima kila mmoja wao. Umevunja mmoja. Wamebaki kumi na wawili.

Nakurudishia wote kwenye bomba lilelile. Ukiwatoa usiwaguse kwanza. Waache juu ya meza siku nne wakaizoee hewa yako, maana wametoka kwenye hewa ya watu. Halafu watundike wawili wawili kwenye ufito, na uniandikie ulichoona.

Usiwaweke karibu na jiko.

Wako,
Vidonge

*

Karakanani, 17 Aprili

Mwanangu Vidonge,

Umeniambia siku nne, nikawaacha sita, ili usiniambie nimeharakisha. Karakana nimeifungua, nimefagia.

Nilimwita Katibu aje na faili lake na mizani yake, na Kinyozi nilimrudishia shuka lake nikamwambia afuatane nami. Hao wawili walikuwa hawajasalimiana tangu mwaka jana. Katibu alikaa kwenye kigoda kifupi, magoti yakamfika kidevuni. Kinyozi alisimama mlangoni na kovu lake upande wa mwanga, hakuingia mpaka nilipomwambia kuwa hapa ndani hakuna kabati la mataulo. Akacheka, akaingia.

Nikawasimulia habari za Bibi, nikafunga uzi. Nikamtundika wa kwanza na wa pili. Nikauachia ufito nikarudi nyuma hatua mbili. Ufito ulicheza, ukapanda huku, ukashuka kule, ukapunguza, ukatulia. Ukalala. Nikamtoa wa pili nikamweka wa tatu. Ukalala. Wa nne. Wa tano.  Nimefanya kazi hii miaka arobaini na sijawahi kuitazama, maana siku zote nilikuwa nataka kumaliza. Walipofika wa tisa Katibu alikuwa ameshavua miwani. Ufito ulipolala kwa wa kumi na mbili, Kinyozi alipiga magoti kusawazisha jicho lake na ufito, akakaa hivyo hivyo, akasema polepole kama anaongea na mtu aliyelala, "Kumbe alikuwa humu." Nikamwambia ndiyo, alikuwa humu.

Sikulia mbele yao. Nililia walipoondoka, kwa furaha kubwa na kwa aibu, vyote viwili.

Uliniuliza huko nyuma wanawezaje kupanda pamoja. Hukuniuliza kwa maneno, lakini nilikusikia. Natoa fito zote za mishale ya seti moja kwenye ubao mmoja, upande mmoja wa ubao. Kisha naziacha zielee kwenye karai refu la maji. Kila ufito unajigeuza wenyewe, upande mzito unaenda chini, na ukiugeuza kwa kidole unarudi vilevile. Usiotaka kujigeuza au unaozama ncha moja nautupa. Babu yako alinionyesha hivyo na hakusema sababu. Nilidhani ni kwa ajili ya unyoofu. Sasa nadhani alikuwa anachagua inayovuta hewa pamoja, na hakuwa na neno la kunipa.

Katibu alipima kwa mizani yake akapata 25.6, akaandika. Kisha akakata mstari kwenye kanuni zake kwa kalamu nyekundu, akaongeza: mishale ilale uwanjani siku nne kabla ya kupimwa. Akaniomba nimchongee na yeye kijiti cha meno. Ana maneno, yule.

Kinyozi ameagiza upinde mpya. Atautundika chumbani kwake, mbali na kabati. Anataka mishale hii, lakini nimemwambia atapata kumi na mmoja, na amekubali kabla sijamweleza sababu. Wa kumi na mbili wake nitauchonga upya.

Kwa sababu mmoja unabaki hapa mahali pa Bibi. Nimejaribu kuchagua tangu juzi na nimeshindwa. Nikimshika huyu naona ni yeye, nikimshika yule naona ni yeye. Mimi niliyemvunja sina haki ya kumteua. Wewe ndiye uliyekataa kumchoma.

Njoo uchague. Yote iko juu ya meza, imepangwa, hakuna atakayeigusa. Siku ile nilivunja mshale na kuutia jikoni, lakini msumari wake wa ukutani sikuung'oa.

Shangazi yako